Kutoka mzegazega hadi uliwali: Maisha ya Khaw Soo Cheang wa Ranong

Bahari tuliyo nayo hapa Lamu, Malindi na Mombasa haiishii pale macho yanapokomea. Ukiifuata kuelekea mashariki, ukaipita Bara Hindi na visiwa vya Andaman, utafika kwenye pwani nyingine ya mikoko, vilima na mvua nyingi iitwayo Ranong, kusini mwa Thailand. Bahari ni hii hii ya Hindi, na pepo zinazoiendesha ni ndugu za kusi na kaskazi zetu.

Kwenye mteremko wa kilima cha mji huo pana kaburi la Mchina mmoja. Njia ya kuliendea imesimamishiwa sanamu za mawe za wanyama na maafisa, zikitazamana jozi kwa jozi, kwa desturi ya makaburi ya wakubwa wa dola kule China. Lakini aliyelala pale aliingia nchi za kusini akiwa kibarua. Jina lake ni Khaw Soo Cheang, na kizazi chake kinajulikana Thailand nzima kwa jina la Na Ranong, ukoo uliotoa maliwali, wafanyabiashara wakubwa na hata naibu wa waziri mkuu.

Nimeona nimsimulie mtu huyu kwa sababu sisi watu wa pwani hatuchoki kuulizana nani mwenyeji na nani wa kuja. Maisha ya Soo Cheang yanalijibu swali hilo kwa njia ambayo si tamu yote wala si chungu yote.

Mwana wa Fujian

Alizaliwa mwaka 1797 katika jimbo la Fujian, upande wa Zhangzhou, kusini mashariki mwa China. Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo Khaw ndilo la ukoo na Soo Cheang ndilo lake. Wanaosema Kichina cha serikali hulitamka jina hilo Xu, lakini watu wa kwao husema Kihokkien, na kwa Kihokkien ni Khaw.

Fujian ni nchi ya milima mingi na mashamba haba. Watu walikuwa wengi kuliko mpunga, na karne baada ya karne wanaume wake walitazama baharini. Serikali ya wafalme wa Qing haikupenda raia wake waihame nchi, na ilikuwa na sheria za kuwazuia, lakini sheria haishindani na njaa. Kila mwaka upepo wa kaskazini mashariki ulipoanza kuvuma, majahazi yalijaa bidhaa na watu yakateremka kwenda nchi walizoziita za Bahari ya Kusini. Upepo ulipogeuka yalirudi. Sisi tulioyaona majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Soo Cheang alipanda chombo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akashuka Penang.

Penang, mji wa kila kabila

Penang ni kisiwa kilicho karibu na pwani ya Malaya. Mwaka 1786 Francis Light alikitwaa kwa niaba ya kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki, na pakafanywa bandari huria ili wafanyabiashara wavutike kuja. Wakaja kweli: Wachina, Wamalei, Watamil, Waburma, Waacheh na Waarabu. Msikiti wa mtaa wa Acheen katika mji wa George Town ulijengwa mwaka 1808 na Syed Hussain Aidid, tajiri wa asili ya Hadhramaut aliyetoka Acheh. Mtu wa Lamu aliyejua nasaba za masharifu angefika pale akasikia majina ya koo anazozijua.

Mji kama huo una nafasi kwa mgeni, lakini haumhurumii. Wachina wengi waliofika walikuwa wamesafiri kwa nauli ya mkopo, na mtu alitumika mwaka mzima au zaidi kulipa deni kabla hajaushika mshahara wake mwenyewe. Waliomsaidia kijana ni watu wa ukoo wake na wa kijiji chake, waliokuwa na vyama vyao vya kusaidiana, kumpa mgeni pa kulala na kumzika akifa.

Simulizi za ukoo zinasema Soo Cheang alifika na mzegazega tu, ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku, kama waliokuwa nao wachuuzi wa maji katika mitaa yetu ya zamani. Alifanya kibarua, akalima mboga, akaziuza. Kila koo kubwa hupenda kusema babu yao alianza bila kitu, na mara nyingi kitu kidogo kilikuwepo. Hata hivyo jambo la msingi halina shaka: alianza chini, na alikuwa mtu wa kuweka akiba. Kutoka kwenye mboga akaingia biashara, na kutoka kisiwani akaanza kusafiri kaskazini, kwenye pwani ya Siam, ndiyo Thailand ya leo. Alifika Takua Pa na Phang-nga. Huko kulikuwa na bati.

Bati na nchi isiyo na watu

Bati ni madini ya kijivu, laini na ya thamani. Mama zetu waliijua kazi yake, kwa maana sufuria kubwa za shaba za kupikia pilau za arusi zilikuwa hutiwa bati ndani ili shaba isiharibu chakula. Viwanda vya Ulaya katika karne ya 19 vilitaka bati kwa kulehemu, kwa mchanganyiko wa madini mengine, na zaidi ya yote kwa makopo ya chakula. Kadiri dunia ilivyozidi kula vya kopo, ndivyo bei ya bati ilivyoitajirisha pwani yote kutoka Malaya hadi Ranong.

Lakini Ranong ya wakati huo ilikuwa karibu tupu. Vita vya Burma na Siam vilikuwa vimeipiga pwani hiyo mara kwa mara. Mwaka 1785 majeshi ya Burma yalishambulia hadi kisiwa cha Phuket, na yakarudi tena mwaka 1809. Miji iliteketezwa, watu wakachukuliwa mateka au wakakimbilia misituni. Waliobaki Ranong walikuwa wachache, chini ya mamlaka ya mji wa Chumphon ulio upande wa pili wa rasi. Mvua hunyesha huko kwa miezi minane hivi ya mwaka, na homa ya malaria ilikuwa haitoki.

Wengine waliuona msitu. Soo Cheang aliona mawe yenye bati, mto wa kuoshea na bahari ya kusafirishia.

Mkataba wa ushuru

Mwaka 1844, enzi ya mfalme Rama III, Soo Cheang alipewa haki ya kukusanya ushuru wa bati wa Ranong, pamoja na cheo cha Luang Rattanasetthi.

Kwa watu wa pwani utaratibu huo si mgeni. Katika miaka hiyo hiyo Sayyid Said wa Unguja alikuwa amemkodisha forodha yake Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kikachi. Jairam alimlipa Sayyid kiasi walichoafikiana kila mwaka, akakusanya ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa chake. Serikali ilipata fedha ya uhakika bila taabu ya makarani, na mfanyabiashara alipata mlango wa nchi. Bangkok ilifanya vivyo hivyo. Ranong ilikuwa mbali, njia zake mbaya, na maafisa wa mfalme hawakupenda kwenda kufa homa huko. Mchina aliyekuwa tayari kuahidi kiasi fulani kila mwaka alikuwa neema.

Soo Cheang hakungoja ushuru uje. Alileta vibarua kutoka Penang na China, akawafungulia machimbo, akawapa chakula na vifaa kwa mkopo, akanunua bati waliyoitoa, akaisafirisha kwa vyombo vyake hadi Penang, akarudi na mchele na nguo. Penang aliweka duka lililoitwa Koe Guan, na hilo likawa ghala, benki na ofisi ya ukoo kwa miaka mingi. Kwa hivyo faida ilimpitia mkononi mara kadhaa kabla mtu mwingine hajaiona.

Mchina anakuwa liwali

Mwaka 1854 mfalme Mongkut alimfanya Soo Cheang kuwa mkuu wa mji wa Ranong. Sisi tungemwita liwali. Mwaka 1862 akapandishwa cheo kuwa Phraya, moja ya daraja za juu za watumishi wa mfalme, na Ranong ikatolewa chini ya Chumphon ikawekwa moja kwa moja chini ya Bangkok.

Mtu atauliza, mfalme wa Siam alikosa Wathai hata ampe mgeni mji mzima? Jibu liko ng'ambo ya mto. Mwaka 1826, baada ya kuishinda Burma katika vita vya kwanza, Waingereza walilitwaa jimbo la Tenasserim. Tangu hapo, mtu aliyesimama mlangoni mwa mto Kraburi aliiona bendera ya Uingereza upande wa pili. Mahali hapo rasi ni nyembamba sana, kiasi cha kilomita 44 tu kutoka bahari hadi bahari, na kila mara walikuwapo Wazungu waliokuwa na ndoto ya kuchimba mfereji wa kupitishia meli. Nchi isiyo na watu, iliyo mpakani, ni rahisi kumegwa. Mfalme alimtaka mtu wa kuijaza watu, kuilinda na kuilipia. Soo Cheang aliyaweza yote matatu, na zaidi ya hayo aliwajua Waingereza kwa kuwa alifanya biashara chini ya bendera yao Penang. Aliweza kusema nao bila kuwaogopa na bila kuwachokoza.

Hapa ndipo ulipo ufundi wake mkubwa. Mguu mmoja aliuweka katika utumishi wa mfalme wa Siam, mwingine katika soko la Waingereza, na moyo wake ukabaki na desturi za Fujian. Kama mfalme angemgeukia, mali ilikuwa Penang. Kama bei ya Penang ingeanguka, ardhi na cheo vilikuwa Ranong. Hakuwa mtu wa kutia mayai yote katika kapu moja.

Upande usiopendwa kusimuliwa

Mpaka hapa hadithi ni nzuri, na koo nyingi hupenda iishie hapa. Lakini haifai kumsifu mwenye jumba ukamsahau aliyebeba mawe.

Bati ya Ranong ilichimbwa kwa mikono. Vibarua walifukua mashimo makubwa, wakachota udongo kwa vikapu, wakauosha katika mifereji ya maji ili bati nzito ibaki chini, kisha ikayeyushwa kwa moto wa makaa ya miti. Walifanya hivyo katika mvua, katika tope na katika mbu. Wengi walikufa mbali na mama zao bila kurudisha hata nauli waliyojia.

Na mshahara wao ulikuwa na safari fupi. Mchele waliula kwa mkopo wa mwenye machimbo. Ushuru wa pombe, wa kamari na wa afyuni katika miji hiyo ulikuwa ukikodishwa kama ule wa bati, na kwa Ranong mikataba hiyo iliangukia mikono ile ile ya liwali. Kibarua aliyevuta afyuni ili asahau uchovu aliirudisha pesa yake kwa yule yule aliyemlipa. Hesabu ilifungwa mara moja kwa mwaka, kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na wengi walipofungua daftari walijikuta bado wanadaiwa.

Soo Cheang hakuubuni mtindo huo. Ulikuwa mtindo wa pwani nzima ya bati, na Waingereza wa Penang nao walijaza hazina yao kwa mkataba wa afyuni. Lakini yeye aliyewahi kuwa kibarua mgeni alijua vizuri uzito wa deni la kwanza, na utajiri wake ulijengwa juu ya madeni ya waliokuja nyuma yake.

Mwaka 1876 bei ya bati ilikuwa imeshuka. Wenye machimbo hawakuwa na fedha, na mwaka mpya ukakaribia. Vibarua wa Ranong waliokosa malipo yao waliinuka, wakapigana, wakapora. Wengine walivuka vilima kwenda upande wa Lang Suan, wengine wakaelekea kusini, na muda si muda moto ukawaka Phuket, ambako watu wa kijiji cha Chalong walikimbilia hekaluni kwa mtawa Luang Pho Chaem. Ilibidi nguvu za serikali zitumike ndipo ghasia zikatulia. Mzee Soo Cheang alikuwa anakaribia miaka 80. Mji alioujenga kutoka msituni ulitikiswa na watu wa lugha yake mwenyewe, waliofika kwa njia ile ile aliyofika yeye.

Mpaka leo mabaki ya boma la ukoo yapo Ranong, na ukuta wake wa matofali ni mnene. Ukuta kama ule haujengwi kwa kuwaogopa majirani wa ng'ambo peke yao.

Baba wa wana sita

Soo Cheang alioa zaidi ya mke mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa zama zake, na alijaliwa wana wa kiume sita, wote wakianza na jina la Sim: Sim Cheng, Sim Kong, Sim Chuah, Sim Khim, Sim Tek na Sim Bee. Kuwalea wana hao kulikuwa kazi yake ya mwisho na pengine ndiyo kubwa kuliko zote.

Wageni wengi matajiri hufa na mali ikafa nyuma yao. Soo Cheang aliwapeleka wanawe katika utumishi wa mfalme, wakapata vyeo vya Kithai na kujuana na wakubwa wa Bangkok. Wakati huo huo hawakuachiwa wasahau Kihokkien, wala duka la Penang halikufungwa. Alipozeeka, Sim Kong alirithi uliwali wa Ranong, na mzee akapewa cheo cha heshima cha Phraya Damrong Sucharit. Sim Tek akawa liwali wa Lang Suan. Sim Khim akawa liwali wa Kraburi. Ikawa ukivuka rasi kutoka bahari hii hadi ile, huachi mkono wa mwana wa Khaw.

Alifariki mwaka 1882 akiwa na miaka 85 hivi. Alizikwa Ranong, si Fujian. Kwa Mchina wa zama zile hilo ni neno zito, kwa sababu wengi walitamani mifupa yao irudi kwa wazee wao. Mfalme Chulalongkorn aliutunukia ukoo ardhi ya makaburi. Mwaka 1890 mfalme huyo mwenyewe aliitembelea Ranong, na Sim Kong akamjengea jumba la mbao kilimani. Jumba hilo likaitwa Rattanarangsan, jina linalokumbusha cheo cha kwanza alichopewa yule mchuuzi wa mboga.

Wajukuu na mpira

Mwana wa mwisho, Sim Bee, aliyezaliwa mwaka 1857, ndiye aliyejulikana kuliko wote. Alianza Kraburi, mwaka 1890 akafanywa liwali wa Trang, kisha kuanzia mwaka 1900 akawa kamishna mkuu wa jimbo lote la Phuket. Alikata barabara, akahamishia makao ya Trang kwenye bandari ya Kantang, akawasukuma wanakijiji walime na wafuge. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliuingiza mti wa mpira Thailand, miche ikitoka Malaya. Leo Thailand ndiyo nchi inayotoa mpira wa asili mwingi kuliko nchi yoyote duniani, na Trang wamemsimamishia sanamu. Alipigwa risasi Kantang mwaka 1913, akafia Penang.

Wajukuu nao walipanua biashara. Mwaka 1906 walishirikiana na nahodha Edward Miles wa Australia kuanzisha kampuni ya Tongkah Harbour, iliyochimbua bati chini ya bahari ya Phuket kwa mashine inayoelea. Mwaka 1907 wakaanzisha Penang kampuni ya meli ya Eastern Shipping na kiwanda cha kuyeyusha bati cha Eastern Smelting, kushindana na Waingereza waliokuwa wameishika kazi hiyo.

Haikudumu. Kiwanda kikaingia mikononi mwa mtaji wa Waingereza baada ya miaka michache, na meli zikauzwa katika miaka ya 1920. Bangkok nayo ilikuwa imeanza kutawala mikoa kwa maafisa wa mshahara, na uliwali wa kurithishana ukakoma. Ukoo uliokuwa umeegemea vyeo na biashara kwa pamoja ulipopoteza kimoja, cha pili kikayumba. Kufikia mapinduzi ya mwaka 1932 yaliyoondoa utawala wa mfalme peke yake, enzi yao ya kuitawala pwani ya bati ilikuwa imekwisha.

Jina jipya

Jina hata hivyo lilibaki. Mwaka 1913 mfalme Vajiravudh alitoa sheria kwamba kila Mthai awe na jina la ukoo, na watu wa Soo Cheang wakapewa la Na Ranong, yaani wa Ranong. Majina yenye hilo neno na mji nyuma yake yalitolewa kwa koo zilizohesabiwa kuwa zina mizizi katika mji huo. Miaka 69 tu ilikuwa imepita tangu Mchina yule apewe mkataba wa ushuru.

Na hapa pana kinaya kikubwa. Mwaka 1914 mfalme huyo huyo aliandika makala kali dhidi ya Wachina wa Siam, akiwafananisha na Mayahudi wa Ulaya, akiwalaumu kwamba hawana mapenzi na nchi waliyomo. Kwa hivyo mwenye asili ya China aliweza kuitwa mwana wa Ranong na mgeni asiyeaminika katika muongo mmoja, kutegemea kama alikuwa mjukuu wa liwali au kibarua wa gatini. Uenyeji uligawanywa kama ushuru ulivyogawanywa: aliyekuwa karibu na mfalme alipata fungu kubwa.

Ukoo haukupotea. Kittiratt Na-Ranong, aliyekuwa naibu wa waziri mkuu na waziri wa fedha wa Thailand katika serikali ya miaka ya 2011 hadi 2014, ni wa nasaba hiyo. Kutoka kukusanya ushuru wa bati ya mji mmoja hadi kushika hazina ya taifa, ni safari ya vizazi vichache.

Tunajifunza nini?

Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata mtu atembee vipi chomboni, mwisho hurudi mahali pake. Soo Cheang alikufanya Ranong kuwa ngama yake. Hakuzaliwa pale, lakini aliijaza watu, akawazaa wanawe pale, akazikwa pale, na vizazi vyake havikuwa na kwingine kwa kuita kwao. Sijui ni miaka mingapi zaidi mtu anatakiwa kungoja ili aitwe mwenyeji, na hili nawaambia hata wenzetu wanaopenda kuhesabiana mababu vikao vya kahawa.

Lakini kuna nusu ya pili ya somo, nayo isitupite. Pwani yetu pia ina koo zilizoanza na jahazi moja na kuishia na majumba ya matumbawe. Tunazisimulia nasaba zao kwa fahari. Mara chache tunasimulia kwamba mashamba ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na kwamba mikataba ya ushuru na mikopo iliwaacha wengine na ardhi na wengine na madeni. Watoto wa pande zote mbili wapo mitaani mwetu leo, wanasali pamoja na kuoana, na kila mmoja ana haki ya kusikia babu yake akitajwa.

Wachina wana desturi ya kwenda kusafisha makaburi ya wazee wao kila mwaka, karibu na mwanzo wa mwezi wa Aprili. Kaburi la Soo Cheang lina ndugu wa kulitunza na sanamu za kulilinda. Vibarua waliomchimbia bati wamelala huko huko Ranong, chini ya mvua ile ile, bila sanamu hata moja. Ukisimulia mji ulivyojengwa, wahesabu na wao.